Kutoka jukwaani mpaka redioni: niliyojifunza nikiwa Mama Mkwe wa watu wa Moshi

Vijana wengi wananiuliza mama we uliingiaje kwenye maigizo ya redio, na wengine wanataka niwafundishe kutengeneza sauti nzuri, nimeona niandike yote kwa pamoja maana nikianza kumjibu mmoja mmoja naishia njiani. Jibu fupi ni kwamba redio haitafuti sauti nzuri. Redio inatafuta mtu anayejua kusikiliza, amsikilize mwenzake aliyesimama naye pale kwenye maiki, na amsikilize yule mtu mmoja aliyeko kwake jikoni na redio yake ndogo, hata kama hamuoni. Hili nimelielewa polepole sana, na nimelielewa kwa sababu nilitokea jukwaani ambako karibu kila kitu kinaenda kinyume chake.

Moshi ndo nimezaliwa, nimekulia Majengo, asili yetu Kibosho. Nilianza kuigiza mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikiwa bado binti, kwenye kikundi cha sanaa cha aina ile ya zamani kinachofanya kila kitu, ngoma, ngonjera, sarakasi kidogo, alafu mchezo wa kuigiza unawekwa mwisho watu wakishachangamka. Tuliigiza kwenye kumbi za usharika, mashuleni, viwanja vya mpira, Mei Mosi, Mwenge ukipita. Maiki ilikuwa moja tu na ilikuwa ya mshereheshaji, kwa hiyo mwigizaji anategemea kifua chake. Mzee aliyetufundisha alikuwa amepita Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kile kilichoanza 1981 ambacho leo ni TaSUBa, na mazoezini alikuwa hakai mbele kama wengine, anaenda kusimama mlangoni kabisa, mgongo kauegemeza kwenye fremu, asipokusikia anainua mkono tu bila kusema neno, na ule mkono ukiinuka unarudia sentensi yote kutoka mwanzo. Mpaka leo namheshimu yule mzee. Alitufundisha kwamba mama aliyekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni ametembea umbali uleule kama mgeni rasmi wa mbele na ana haki ya kusikia kila kitu.

Jukwaani mwili ndo unaongea kwanza. Unaingia umebeba mkungu wa ndizi kichwani na watu wameshajua wewe ni nani, unatoka wapi, umechoka kiasi gani, hujafungua mdomo bado. Na watu wenyewe wanakusaidia, watazamaji wa kwetu hawakai kimya, utasikia mtu anapaza sauti huko nyuma "mwache huyo dada, huyo hakufai!" na wewe unamsubiri amalize, watu wacheke, ndo uendelee. Unasoma uwanja. Ukiona watu wameanza kugeukiana kuongea unajua hapa mchezo umelegea, unaongeza mwendo.

Sasa redio hatukuijua kwa kuambiwa, sisi ni watoto wa Redio Tanzania. Kulikuwa hamna nyingine ya nyumbani miaka ile, maana redio za binafsi zimekuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inacheka pamoja na Pwagu na Pwaguzi saa moja ileile. Nakumbuka betri zikiisha zinaanikwa juani juu ya bati zipate nguvu kidogo zitusogeze jioni. Na Moshi yetu ina historia yake kwenye mambo ya redio ambayo vijana wengi hawaijui, kabla hata hatujazaliwa sisi studio ya Sauti ya Injili ilikuwa inarekodi vipindi vya Kiswahili hapa mjini, kanda zinasafirishwa mpaka Addis Ababa, zinarushwa kutoka kule kwenye ile redio kubwa ya Walutheri mpaka serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977. Yaani sauti za watu wa Kilimanjaro zilikuwa zinaenda Ethiopia zinarudi kusikika hapahapa mlimani. Mimi hilo linanigusa sana.

Lakini kilichonivuta hasa ni mwaka 1993, ule mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza. Waliosikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mke wake Tunu aliyekuwa anabaki na watoto na shida zote. Pale Majengo ikifika saa ya mchezo fundi cherehani anasimamisha mguu. Na kitu nilichokishangaa ni hiki, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuona Mkwaju lakini kila mtu alikuwa na Mkwaju wake kamili, jirani yetu anasema ni mrefu mweusi ana pengo, shangazi yangu anabisha kabisa, anasema hapana ni mfupi mnene anavaa kofia, na wote wawili wako tayari kugombana. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuvaa mavazi, kupaka masizi, kubandika ndevu ili watu waamini, na huyu mtu ameaminiwa na nchi nzima kwa sauti peke yake. Nikasema hii kazi lazima niijue.

Baadaye sana, kwenye semina ya waandishi na waigizaji, ndo nikaja kujua kwamba ule mchezo ulijengwa kwa utaratibu uliotoka Mexico kwa mtu anaitwa Miguel Sabido, ambaye miaka ya 1970 alikuwa anatengeneza tamthilia za televisheni za kufundisha jamii. Utaratibu wake unataka wahusika wa aina tatu, mmoja anafuata mema na anafaidika, mmoja anafuata mabaya na yanamrudi, na wa tatu anayumba katikati, huyo wa tatu ndo msikilizaji mwenyewe. Na tukaambiwa Dodoma haikupata ule mchezo miaka miwili ya mwanzo, mtambo wa kule ulikuwa unarusha vipindi vingine kwa makusudi mpaka 1995 ili watafiti walinganishe waliosikiliza na wasiosikiliza. Aisee nilikaa nikawaza wale watu wa Dodoma. Ila ndo ilivyojulikana kwa uhakika kwamba mchezo wa redio unaweza kumfanya mtu akaenda kliniki kuuliza uzazi wa mpango, na watu wakabadilika kuhusu Ukimwi, haikuwa maneno ya kujisifu ya wasanii.

Nafasi yangu ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Redio za FM zilikuwa zimeanza kuwa nyingi huku kwetu, Moshi na Arusha, na kulikuwa na mradi unataka mchezo kuhusu wajane na vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo. Wakaja kwenye kikundi chetu kutafuta sauti. Usaili wenyewe sikuwahi kuuona wa namna ile, prodyuza alikaa ametupa mgongo, anaangalia ukutani, anasikiliza tu. Wale wenzetu waliokuwa hodari wa sura na mwili, wale ambao wakipanda jukwaani uwanja unalipuka, wengine walibaki pale pale. Mimi nikapewa mama mkwe, kikongwe, na nilikuwa sijafika hata miaka thelathini.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye kazi. Mtu akiambiwa aigize mzee kwenye redio kitu cha kwanza anatetemesha sauti. Sasa nenda Kibosho kawasikilize bibi zetu, nani anatetemeka? Bibi yangu mimi alikuwa anaita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto na mbuzi anasikia. Uzee hauko kwenye kutetemeka, uko kwenye mwendo. Nilirudi nyumbani nikakaa na bibi siku nyingi nikimsikiliza anavyoongea akiwa anamenya ndizi za mtori, na nikaona mambo yake. Haanzi sentensi haraka, kwanza anavuta pumzi. Hamalizi sentensi zake, anajua umeshaelewa, anakuachia umalizie mwenyewe. Akitaka kuinuka kwenye kigoda pumzi inakatika katikati ya neno, neno linabaki nusu, alafu nusu ya pili inakuja akishasimama. Na akikasirika hapandishi sauti, anashusha. Hivyo vitu vinne ndo vilikuwa Mama Mkwe wangu, hamna kingine, na watu waliamini ni ajuza wa miaka themanini.

Studio yenyewe ya kwanza ilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida, magodoro yamesimamishwa ukutani, blanketi zimetundikwa madirishani, trei za mayai zimebandikwa mpaka juu. Watu wengi wanadhani trei za mayai zinazuia kelele za nje, hazizuii, zinapunguza tu mwangwi wa ndani kidogo, bodaboda ikipita inaingia kama kawaida. Bati nalo. Masika ya huku Machi mpaka Mei mvua ikianza kupiga bati hakuna kurekodi, mnakaa mnasubiri mnakunywa chai, na umeme ukikatika hivyo hivyo. Kwa hiyo tulijifunza kuamka mapema. Tulikuwa tunaigiza peku, viatu vyote mlangoni, hamna bangili hamna hereni za kuning'inia, na mimi nilikuwa siingii na kitenge kipya kabla hakijafuliwa maana ule wanga wake unapiga kelele ukigeuka, kanga iliyochakaa ndo vazi langu la studio mpaka leo. Skripti haibanwi na pini, kila ukurasa uko peke yake na umeandikwa upande mmoja, ukimaliza kusoma unauachia taratibu udondoke kwenye blanketi chini, usiukunje usiupindue.

Alafu maiki. Jukwaani umefundishwa kutupa sauti mpaka mlangoni, hapa msikilizaji yuko shibiri moja kutoka mdomoni kwako. Shibiri moja kweli, nyoosha vidole upime. Ukisogea karibu zaidi ya hapo besi ya sauti inapanda na unasikika kama unamwambia mtu siri, na hiyo inafaa kwa siri na kwa maombi na kwa mtu anayejisemea moyoni. Herufi ya p na b zinapiga upepo kwenye maiki, kwa hiyo huongei ukiwa umeielekea moja kwa moja, unaongea ukipitisha mdomo pembeni kidogo. Ukitaka kupiga kelele unarudi hatua moja nyuma na kugeuza kichwa. Ukitaka msikilizaji ajue umetoka nje ya nyumba, unarudi nyuma ukiwa bado unaongea, taratibu, mguu kwa mguu, ndo mlango unafungwa. Yaani unatembea kweli, ila watazamaji wako ni maiki.

Na milio tulikuwa tunaitengeneza sisi wenyewe. Leo unafungua kompyuta unachukua mvua iliyorekodiwa Ulaya huko, lakini mvua ya Ulaya haianguki kwenye bati la Moshi jamani. Sisi tulikuwa tunachukua ungo, tunamwaga mchele kiasi, mtu mmoja anauinamisha polepole huku na huku karibu na maiki, hiyo mvua yake utasema ni masika. Moto ni karatasi ya nailoni ya biskuti, unaikunja na kuiachia kwa vidole viwili taratibu sana. Mtu anayetembea kihambani tulikuwa tunaleta majani makavu ya mgomba tunayatandaza kwenye beseni pana na mtu anakanyaga kwa mikono yake miwili, na mkono una raha yake maana unaweza kukanyaga kizee au kitoto. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikimiminwa ni maji, ila lazima yamiminwe kwenye kata ya kweli, tulijaribu kikombe cha bati ikasikika ni chai. Fundi mitambo wetu alikuwa na sikio kali kweli, akisema hiyo siyo kata ujue siyo kata.

Sasa kusikiliza. Jukwaani ukiwa huna mstari unasimama tu, watu wanakuona upo. Redioni ukikaa kimya muda kidogo umekufa, msikilizaji anadhani umeshaondoka, ukija kuongea anashtuka huyu naye katokea wapi. Kwa hiyo lazima uendelee kuwepo, na unakuwepo kwa vitu vidogo vidogo ambavyo havijaandikwa kwenye skripti, "mh", "ehee", kuguna, kukohoa kidogo, kuvuta pumzi ya mtu anayetaka kusema alafu akaghairi. Na msonyo. Msonyo wa Mama Mkwe ndo ulimfanya ajulikane. Lakini huwezi kuuweka popote, ukiuweka mapema unamkata mwenzako, ukichelewa unakuwa hauna maana, lazima uwe umesikia hasa kile alichosema sekunde ileile. Binti aliyekuwa anaigiza mkwe wangu, mjane, tulikuwa tunasimama naye ng'ambo na ng'ambo ya maiki moja tunatazamana machoni, na kuna siku kwenye onyesho la yeye kuniomba nimwachie shamba la kahawa la mume wake akaacha kusoma kama tulivyofanya mazoezi, sauti ikashuka, akaanza kuongea kama mtu ambaye ameshakata tamaa na anamaliza tu maneno yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kufoka. Sikufoka. Nikaguna tu, kifupi, nikavuta kigoda. Prodyuza hakusimamisha, na ndo kipande ambacho watu wamenitajia miaka yote, watu wanasema pale ndo walijua yule mama roho imemsuta ila hawezi kusema. Kwenye karatasi yangu pale palikuwa na mistari sita ya matusi.

Kuhusu huyo Mama Mkwe mwenyewe kulikuwa na ubishi na waandishi ambao mimi naona ulinifundisha kuliko semina zote. Wao walitaka awe mbaya, alafu kwenye sehemu moja tu aambiwe sheria, atubu, yaishe. Nikawaambia hapana, huyu mama ana sababu zake. Kwetu sisi kihamba sio shamba tu la kuuza na kununua, wazee wamezikwa pale, mume wake amelala kwenye ile migomba, mtoto wake aliyekufa amezikwa palepale, na anaogopa huyu binti kesho ataolewa kwingine na mgeni atakuja kulima juu ya makaburi yao. Ukimpa msikilizaji ubaya mtupu, mama wakwe wote wa Kibosho na Rombo watasema huyo sio mimi, watazima redio. Ukimpa ile hofu, anakaa, anasema kumbe wananiongelea mimi. Tulibishana sana, nashukuru mwishowe waliniachia, hofu ya makaburi ikaandikwa ndani na mama akageuka pole pole, sehemu kwa sehemu, na hata mwisho hakugeuka wote.

Umaarufu wenyewe wa redio ni wa ajabu kidogo, uso wako unabaki wako. Nilikuwa napita Mbuyuni sokoni na kikapu changu hakuna anayegeuka, nikiuliza tu bei ya ndizi basi, shingo zote zinageuka. Kwenye vifodi, daladala zetu za huku, nilikuwa nikisema "shusha hapo" konda anaangalia nyuma kumtafuta ajuza, anamuona mama kijana.

Lakini liko moja lililotokea hukohuko kwenye vifodi ambalo lilibadilisha kabisa namna ninavyoishika kazi hii. Mama mmoja amevaa nguo nyeusi za msiba alinisogelea akaniambia shikamoo dada, samahani, wewe si Mama Mkwe, nikasema ndiyo mama. Akaniuliza ile sheria aliyoisoma mwenyekiti kwenye mchezo juzi, ile ni ya kweli au ni ya kuigiza? Jamani. Alikuwa amefukuzwa na shemeji zake mwezi ule. Nikamwambia ni ya kweli, ni Sheria ya Ardhi namba 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za 1999, zinasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ila nilimwambia pia kwamba kwenye mirathi kuna mgongano, zile sheria za mila zilizoandikwa 1963 bado zinambana mjane, kwa hiyo asiende peke yake, aende na mtu wa msaada wa kisheria, nikamuelekeza kwa wale waliokuwa wanatushauri kwenye mradi. Haya yote niliyajua kwa sababu niliwahi kuwauliza waandishi maswali mpaka wakanichoka. Fikiria ningekuwa nasoma tu mistari. Mtu anasikiliza mchezo wako akiwa na shida yake mkononi, na kesho asubuhi anaenda ofisini kwa sababu ya neno ulilosema wewe, kwa hiyo tangu siku ile sikubali kusema hewani kitu chochote cha dawa, cha sheria au cha pesa bila mwandishi kunionyesha amekitoa wapi. Na nawaambia vijana wafanye hivyo hivyo hata kama wataitwa wakorofi.

Pesa. Niseme kwa kifupi ila kwa ukweli. Jukwaani tulikuwa tunagawana kilichopatikana mlangoni usiku uleule, kidogo lakini unakiona. Redioni unalipwa kwa kurekodi, unasaini karatasi, unaenda. Kuna mchezo mmoja niliufanya ukarushwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena, ukahamia redio nyingine, vipande vikaingia kwenye matangazo, na sisi tulilipwa ile mara ya kwanza tu maana karatasi tuliyosaini ilikuwa na mistari mitatu na haikusema lolote kuhusu kurudia. Iliniuma na bado inaniuma, wenzangu wawili wa mchezo ule walikuja kuugua na sauti zao zikawa zinasikika kila wiki bila shilingi kurudi nyumbani kwao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, ile hakishiriki ndo inatuhusu sisi waigizaji, na COSOTA, wale wa ofisi ya hakimiliki, wapo. Lakini sheria inataka karatasi. Kabla hujasaini hakikisha imeandikwa mchezo utarushwa mara ngapi, na redio gani, kwa muda gani, na kwamba wakitaka kuupeleka intaneti au kukata vipande vya tangazo mnakaa tena. Na ubaki na nakala yako, usikubali kuambiwa utaletewa.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mengine ni mazuri. Kazi ya sauti imepanuka, tangu ile tamthilia ya Kichina ya mama wakwe ilipotiwa Kiswahili ikaonyeshwa TBC mwaka 2011 watu walianza kuelewa kwamba kuingiza sauti ni taaluma inayolipika, na leo vijana wetu wa Arusha na Moshi wanaenda Dar kufanya hizo kazi. Nafurahi kabisa. Kisichonifurahisha ni huu mtindo wa kila mtu kurekodi mistari yake peke yake kwa simu, chumbani kwake, anamtumia fundi, fundi anaunganisha. Najua ni rahisi na nauli haitoki. Lakini sikiliza kwa makini utasikia kila mtu anaongea na ukuta, swali linaulizwa kwa hasira jibu linakuja limepoa, kwa sababu aliyejibu hakuisikia ile hasira. Kama hamuwezi kukutana basi angalau pigianeni simu, mwenzako asome sikioni kwako wewe ukirekodi. Vijana ninaowafundisha nawasimamisha maiki moja watu wawili hata kama maiki zipo nne, na zoezi la kwanza hawana skripti kabisa, mmoja anasimulia msiba au harusi aliyoenda, mwingine ruhusa yake ni kuguna tu. Anayeweza kuguna vizuri kwa dakika tano nzima huyo nampa nafasi kabla ya mwenye sauti ya besi.

Na wale wanaotoka jukwaani kama mimi wasidhani wanaacha kitu. Kifua kile kile cha kufikisha sauti mlangoni ndo kinakupa pumzi ya kunong'ona mstari mrefu bila kukatika. Mazoea ya kumheshimu mama wa nyuma kabisa ndo yaleyale, ila sasa amekuja amekaa mbele yako, unaongea naye yeye.

Kwa sasa tuna mchezo mpya tunaurekodi, Jumamosi asubuhi kabla mji haujaamka, unahusu ile mifereji ya asili ya wazee wetu huku mlimani, zamu za maji zinavyogombaniwa sasa hivi wakati maji yenyewe yanapungua. Nafasi karibu zote zimepata watu, imebaki ya babu mgawa maji. Vijana waliokuja kuijaribu wote wanatetemesha sauti. Kama una baba au babu anayependa kusimulia mambo ya zamani, awe wa Marangu, Machame, Uru, popote, lafudhi yake abaki nayo hivyohivyo, na kama macho hayasomi vizuri tutamsomea mistari aishike kichwani. Hajawahi kuigiza sio tatizo, nauli tunarudisha na chai ipo.